Amplifaya ya Valvu Inayonguruma: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara na Wapiga Gitaa wa Mombasa

Benchi langu liko hapa Mombasa. Wanaonijia ni wapiga gitaa wa bendi za hoteli, wa kanisani, wa taarab, na vijana kadhaa waliorithi amplifaya za wazee wao. Karibu kila mmoja huingia na hukumu mkononi: "Fundi, valvu zimekwisha," yaani zile chupa za kioo zinazokuza sauti. Mara nyingi hazijakwisha. Kelele huwa inakuambia yenyewe ilipo, mradi uipe dakika kumi za kuisikiliza kabla ya kutoa pesa. Maswali haya nimeyaweka jinsi yanavyonijia.

Kelele imeanza jana, leo usiku nina shoo. Nianzie wapi?

Usishike bisibisi. Washa amplifaya, iache ipate moto, halafu chomoa kebo ya gitaa upande wa amplifaya. Kelele ikikatika, amplifaya yako haina kesi. Tafuta kwenye gitaa, kebo au pedali. Amplifaya nyingi huunganisha mlango wa kuingilia na athi (waya wa kwenda ardhini) pale jeki inapotoka, kwa hiyo jaribio hili halidanganyi sana.

Ikiwa kelele bado ipo, shusha volyumu hadi sifuri. Ikipotea, chanzo kiko kabla ya volyumu, yaani kwenye valvu ndogo za mwanzo na vitu vinavyozizunguka. Ikibaki vilevile, chanzo kiko baada yake: valvu kubwa, valvu inayozilisha, au umeme wa ndani wenyewe. Mwisho weka stendibai, kama ipo (swichi inayonyamazisha amplifaya bila kuzima moto wa valvu). Ukiendelea kusikia mvumo hata hapo, hautoki kwenye spika. Ni chuma cha transfoma kinachotetemeka. Weka sikio karibu na chasisi, lile sanduku la chuma linalobeba vitu vya ndani, utausikia.

Majaribio hayo hayahitaji kifaa hata kimoja. Mpigaji mmoja aliniletea amplifaya pamoja na boksi la valvu mpya, amekwisha kubadilisha seti nzima mara mbili. Nikaomba kebo yake. Ndani ya jeki, waya wa nje ulikuwa umeshikwa na unywele mmoja tu wa shaba.

Inavuma "mmmm" muda wote. Ni kapasita?

Inategemea mvumo ni wa sauti gani, na hapa mpigaji gitaa ana bahati kuliko fundi, kwa sababu sikio lake limefunzwa.

Umeme wa Kenya unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ndani ya amplifaya unapogeuzwa kuwa wa mwelekeo mmoja, kila mzunguko huacha mawimbi mawili, kwa hiyo masalia yake ni Hz 100, yaani mara 100 kwa sekunde. Sasa chukua gitaa lililotyuniwa vizuri, piga uzi mnene wa E kwenye freti ya tatu. Hiyo ni noti ya G, Hz 98. Mvumo wako ukikaa pale pale, juu kidogo tu ya noti hiyo, ni wa Hz 100. Ukiwa oktava nzima chini yake, kule anakotembea mpiga besi, ni wa Hz 50. Tyuna ya kwenye simu haitakusaidia sana, maana kote kuwili itaandika G. Ni lazima usikie oktava. (Mkisoma maelezo ya Wamarekani mtakuta wanataja 60 na 120. Ni umeme wao, msiyachukue hivyo hivyo.)

Mvumo wa Hz 100 unaelekeza kwenye kapasita kubwa za kuchuja, zile zinazotunza chaji na kulainisha umeme. Zile za elektroliti hukauka taratibu, na joto huziharakisha. Ikiwa amplifaya ina miaka zaidi ya 15 na kapasita zake ni za kiwandani, zishuku kwanza. Kichwa kilichovimba au majimaji yaliyogandia chini yake ni ushahidi tosha, ingawa kapasita inaweza kufa huku sura yake ikiwa nzuri tu. Kuna mshukiwa wa pili ambaye watu humsahau. Valvu kubwa zinazofanya kazi kwa jozi, kama EL34 mbili au 6L6 mbili, hufuta mvumo huu baina yao. Moja ikichoka na mwenzake bado ana nguvu, hesabu haifutiki tena, mvumo unatokea. Kwa hiyo kabla ya kung'oa kapasita, jaribu jozi nyingine iliyolingana. Valvu zikibadilishwa, mkondo wa kupumzikia (bayasi, ule unaopita kwenye valvu gitaa likiwa kimya) nao upimwe upya, isipokuwa amplifaya yako inajipanga yenyewe.

Mvumo wa Hz 50 ni habari nyingine. Huingia kutoka kwenye waya wa volti 6.3 unaowasha moto wa valvu, au kwenye athi, au unadakwa na pikapu za gitaa (za gitaa, si zile za kubebea mahamri ya jumla). Badilishana nafasi ya valvu ya kwanza na nyingine ya aina ileile. Mvumo ukihama au ukipungua, valvu hiyo inavuja ndani, kutoka kwenye moto kwenda kwenye katodi. Baadhi ya amplifaya zina skrubu ndogo ya kusawazisha mvumo nyuma au chini ya chasisi. Izungushe taratibu mpaka mahali penye ukimya zaidi, uiache.

Fundi wa ukumbini alinitolea waya wa athi kwenye plagi, mvumo ukaisha. Kuna ubaya?

Upo, na ni wa kuua. Nyuzi za gitaa lako zimeungana na chasisi ya amplifaya. Siku waya wa moto utakapogusa chasisi, athi ndiyo inayoupeleka ardhini na kukata fyuzi. Bila athi, njia ni mkono wako ulioshika nyuzi na mdomo wako ulio kwenye maiki. Mkono unyevu wa jasho la Mombasa unapitisha umeme vizuri kuliko mkavu. Rudisha waya huo leo, kabla hujaendelea kusoma.

Kilichotokea ni kwamba amplifaya na mitambo ya ukumbi zilikuwa zimechomekwa soketi mbili tofauti, na kebo ya sauti ikazifunga pamoja. Athi mbili zikafanya duara, duara likadaka mvumo. Dawa yake ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja, kutoka soketi moja. Isipowezekana, tumia boksi lenye transfoma ya kutenganisha kwenye njia ya sauti. Duara likatwe upande wa sauti, upande wa umeme usiguswe.

Nyumbani kimya, nikifika hotelini inaunguruma kama mzinga wa nyuki. Kwa nini?

Kwa sababu nyumbani huna feni kumi na mbili. Regyuleta za feni na zile za kufifisha taa hukata umeme vipande vipande, na kila kipande hurusha kelele kali yenye meno. Haisikiki "mmmm" bali "zzzz". Taa za mrija na za LED za bei ya chini nazo zimo.

Niliwahi kupiga kwenye hoteli moja ya ufukweni, sitaitaja. Mazoezi ya jioni, tulivu kabisa. Saa mbili usiku wakazima taa kubwa, wakafifisha zile za mezani ili wageni wale kimahaba, na gitaa langu likaanza kulia kama nyigu kwenye kopo. Nilibadilisha kebo tatu mbele za watu. Mhudumu mmoja akapita, akagusa swichi ya taa, kelele ikabadilika sauti. Ndipo nikajua.

Simama ulipo, ugeuke polepole kama anayetafuta kibla. Pikapu za koili moja zina upande ambao hazidaki sana. Ukiupata, weka alama sakafuni ukae hapo. Pikapu za koili mbili zilibuniwa hasa kufuta mvumo huu. Omba soketi isiyo ya taa wala feni. Jenereta nayo, ikiwa ndogo na imelemewa, huyumba, na hakuna fundi wa amplifaya atakayekutengenezea jenereta ya watu.

Inakwaruza na kupasuka kama viazi karai vikitumbukizwa kwenye mafuta. Hii je?

Hili ndilo gonjwa letu la pwani.

Hewa ya hapa ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Unyevu ukikaa kwenye miguu ya valvu, kwenye soketi zake na kwenye matundu ya jeki, hufanya kutu ya kijani au utando mweusi usioonekana kwa haraka. Umeme unapita, unakatika, unapita. Kila unapokatika, unasikia "trrk". Ndiyo maana simu hunijaa kuanzia masika. Mvua za Mei zikishika, kila amplifaya iliyolala sakafuni huamka na kikohozi. Zilizokaa Mji wa Kale, dirisha likitazama bahari, ni mbaya zaidi.

Zima, chomoa, subiri valvu zipoe. Shika valvu ndogo moja, ichomoe kwa kuichezesha taratibu bila kupinda miguu, pulizia sprei ya kusafishia kontakti kwenye soketi, irudishe na kuitoa mara tano au sita. Msuguano wenyewe ndio unaofuta utando. Fanya hivyo valvu moja baada ya nyingine, usizichanganye nafasi. Msitumie petroli wala mafuta ya taa, jamani. Nimepokea soketi zilizoyeyuka. Mafuta ya kulegeza nati nayo yanaacha grisi, na grisi inadaka vumbi.

Halafu kuna jambo ambalo limewapa watu wengi jina la "amplifaya ya mashetani". Sauti inakatika katikati ya wimbo, unaipiga kofi inarudi. Kama nyuma ina matundu mawili ya pedali, la kutoka na la kurudi, chukua kebo fupi uyaunganishe hayo mawili. Sauti ikitulia, ugonjwa ni kijiulimi ndani ya tundu la kurudi, kimeshika kutu kwa kutotumiwa. Safisha, au piga shoo ya leo na kebo hiyo hiyo ikiwa mahali pake.

Volyumu inayokwaruza unapoizungusha ni uchafu. Pulizia, zungusha mara ishirini. Ikirudi kukwaruza baada ya wiki moja, si uchafu tena: kapasita ya kuunganisha inavujisha umeme hadi kwenye poti (kile kidude kinachozungushwa na kitufe cha volyumu), na hiyo ni kazi ya benchi. Mikwaruzo inayokuja yenyewe, gitaa limechomolewa na hakuna unachogusa, mara nyingi ni valvu, au rezista ya anodi ya zamani, ile ya kaboni ya kiloomu 100, au kiungo cha risasi kilichopata ufa. Amplifaya iliyovuka Likoni kwa feri na kurudi nyuma ya tuk-tuk kila wikendi haikosi ufa mahali.

Na zile za zamani zilizojengwa juu ya ubao wa nyuzinyuzi: ubao wenyewe hunyonya unyevu hadi ukapitisha umeme kidogo pasipotakiwa. Nimewahi kukaa na moja siku mbili, nabadilisha hiki na kile, mpaka nikaazima mashine ya kukaushia nywele. Nilipopuliza ubao kwa joto la wastani, umeme umezimwa, kisha nikawasha, ikanyamaza saa nzima halafu ikaanza tena. Hapo mgonjwa anajulikana.

Ninaizuiaje hiyo chumvi?

Inua amplifaya kutoka sakafuni. Ifunike kwa leso ikiwa imezimwa, usitumie nailoni, maana nailoni hufungia unyevu ndani. Iwashe nusu saa kila wiki hata kama hupigi. Joto la valvu ndilo kikausho bora kuliko chochote utakachonunua.

Kuna mlio kama kengele kila nikipiga noti kubwa, wakati mwingine inapiga mluzi yenyewe.

Valvu imegeuka maikrofoni. Vipande vya chuma vilivyo ndani ya kioo vimelegea, vinatetemeka na spika, na mtetemo unakuzwa pamoja na gitaa. Chukua kijiti cha mshikaki, cha mwanzi na kikavu, si kile cha chuma. Amplifaya ikiwa imewashwa na volyumu ikiwa ya wastani, gonga kila valvu ndogo kwa nyuma, kidogo tu, kama unayebisha mlango wa mtu aliyelala. Zote zitatoa "tk" hafifu, hasa ile ya kwanza, kwa sababu sauti yake inakuzwa kuliko zote. Mbovu itajibu kwa "tiiing" inayobaki hewani. Umeipata.

Si lazima uitupe. Ihamishe nafasi za nyuma, ambako haikuzwi sana, na ya nyuma uilete mbele. Valvu ndogo za ECC83 na 12AX7 ni kitu kimoja chenye jina la Ulaya na jina la Marekani, kwa hiyo duka likikupa mojawapo badala ya nyingine hujadanganywa. Valvu mpya siku hizi hutoka zaidi Urusi, Slovakia na China, na mpya nayo inaweza kufika ikiwa maikrofoni. Igonge dukani kama watakuruhusu. Kama huna kijiti, zima, ipoe, chomoa valvu ya kwanza, washa. Mluzi ukiisha, ni yeye au nafasi yake. Usichomoe valvu kubwa moja ukaiacha mwenzake peke yake.

Inafanya "tuku-tuku-tuku" kama tuk-tuk inayongoja abiria.

Kapasita ya kuchuja kati ya hatua moja na nyingine imekufa, hatua hizo zinarushiana umeme mbele na nyuma. Benchi. Usiendelee kuipiga.

"Shhhh" tu, kama bahari kwa mbali?

Geini (kiwango cha kukuza sauti) ikiwa juu, hiyo ni kawaida, ndiyo tabia ya valvu na rezista. Ikiwa imeongezeka kuliko zamani, badilisha valvu ya kwanza kwanza. Ikiwa unatumia pedali tano zote zimewashwa, jibu unalo.

Valvu zinawaka buluu. Ni jini?

Ni elektroni zinazogonga kioo. Mng'aro wa buluu uliokaa kwenye kioo, unaocheza na muziki, hauna shida. Ninachokiogopa ni wekundu. Moto mdogo wa rangi ya chungwa katikati ni wa kawaida, lakini bamba kubwa la kijivu la valvu ya nguvu likianza kuwa jekundu, zima papo hapo, hata kama ni katikati ya wimbo wa bibi harusi. Mkondo umezidi, na baada ya valvu itafuata transfoma.

Shemeji yangu ameniletea amplifaya kutoka Marekani, ya volti 120.

Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 240 zetu, ombea fyuzi ikatike kabla ya transfoma kuungua. Na fyuzi ikikatika, usiifunge kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Unahitaji transfoma ya kushusha, yenye wati za kutosha: amplifaya ya wati 50 kwenye spika hula mara tatu ya hizo au zaidi ukutani. Nyingi za bei rahisi zina matundu mawili tu, athi imeishia njiani, nawe unarudi kwenye mvumo na hatari niliyokwisha kuisema. Transfoma yenyewe ikae mbali na gitaa, maana inatoa uga wa mvumo. Afadhali uulize kwanza: baadhi ya amplifaya zina transfoma yenye nyaya za volti zote mbili, na fundi anaweza kuihamisha ndani kwa kazi ya nusu siku.

Najua M-Pesa imeingia kabla simu haijalia. Na juzi nilisikia mtangazaji wa redio!

Hilo la kwanza ni simu inayotafuta mnara, "di-di-di-dit", na kebo yako inaidaka. Iweke mbali na amplifaya. Usiiweke juu yake hata kwa dakika moja.

La pili, kebo imekuwa antena. Jaribu nyingine fupi yenye kinga nzuri. Mtangazaji akibaki, rezista iliyo kwenye mlango wa valvu ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni kiloomu 68, huenda imerukwa au imewekwa mbali na soketi. Ikae palepale kwenye mguu wa gridi, ule unaopokea sauti.

Inatetemeka kwa kelele kwenye noti moja tu, A ya chini.

Hiyo si ya umeme. Kuna kitu kinachotetemeka: skrubu ya spika, wavu wa mbele, mpini, kibati cha kufunikia valvu, hata sarafu iliyoanguka ndani. Shikilia noti hiyo, mwenzako abonyeze sehemu moja moja kwa kiganja. Kikinyamaza kimoja, kaza. Kama sivyo, zima na usukume karatasi ya spika ndani polepole kwa vidole vilivyotawanywa. Ikikwaruza, koili imepinda. Spika ukiitoa, usiiwashe amplifaya bila spika. Valvu haivumilii hilo, na transfoma ya kutolea sauti ni kati ya vitu ghali zaidi humo ndani.

Naweza kuifungua mwenyewe?

Kubadilisha valvu na kusafisha soketi kutoka nje, ndiyo. Kutoa chasisi, sikushauri kama hujawahi. Kapasita za kuchuja hushika volti 300 hadi 500 hata baada ya plagi kutoka ukutani, na hazionyeshi dalili yoyote. Mimi humwaga chaji kwa rezista ya kiloomu 10, wati 5, iliyofungwa kwenye nyaya zenye kinga, kisha nasoma kwa mita, na sigusi kitu mpaka isome chini ya volti 10. Mkono wa kushoto unakaa mfukoni. Kwa kiongozi wetu wa kikundi cha taarab aliyeniuliza kama bisibisi ya kawaida inatosha kuzimwagia: hapana, mzee wangu, utaitoboa bisibisi na pengine kidole.

Nikikuletea, nije na nini?

Na gitaa lako, kebo yako, pedali zako na adapta yake. Nusu ya kelele huja mfukoni mwa mteja, na amplifaya ikija peke yake hunyamaza kimya kwenye benchi kama mtoto aliyeacha kukohoa mbele ya daktari. Rekodi sauti kwa simu inapoanza, na uniambie ilikuwa saa ngapi, wapi, na kama mvua ilikuwa inanyesha.